Hasira Iweke Mpaka Mwaka

Sehemu ya sita

Mlionisoma Ijumaa iliyopita mnajua nilipowaacha. Ambao hamkunisoma nitawapa kwa ufupi, maana nikirudia aibu zote za nyuma mhariri ataninyima nafasi ya aibu mpya.

Mimi ni Borafya Mcha, fundi chokaa. Nyumba nyingi za mjini Unguja, za Shangani na Hurumzi, mnazozisifu kwa weupe, mkono wangu umepita. Kwetu Makunduchi, shamba, kusini ya kisiwa, ila nakaa mjini, Kikwajuni, na mke wangu Mwatima na mwana wetu Usi, ambaye mwaka ninaousimulia, 1954, alikuwa na miaka kumi na sita.

Mbele yangu Usi alikuwa kondoo. Nikimwita, "Naam, baba." Nikimchapa, kimya. Majirani walinisifu, nami niliwajibu kwa methali niliyoipenda kuliko zote: mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Kumbe nikitoka kwenda kazini, kondoo anageuka chui. Mama yake akimwambia hapana, mtungi unavunjwa. Akimwambia ngoja, mlango unapigwa teke mpaka bawaba inang'oka. Na Mwatima, kwa kumwonea huruma mtoto anayepigwa na baba, alimpa kila alichotaka, kisha jioni akaniambia mtungi umeangushwa na paka.

Wiki iliyopita niliwasimulia siku nilipomjua paka huyo ni nani. Nilimchapa Usi mpaka bakora ikapasuka. Hakulia. Nilipochoka mimi, aliniangalia akasema, "Naiweka, baba."

Neno hilo nilimfundisha mwenyewe. Tangu ana miaka sita, kila alipofura nilimwambia: "Hasira iweke. Mtu wa kwetu hasira yake ina siku yake, siku ya Mwaka." Baba yangu aliniambia hivyo, naye aliambiwa na baba yake.

Kwa msiojua, kwetu Makunduchi mwaka wetu ukiingia wanaume wa Kusini na wanaume wa Kaskazini hukutana uwanjani wakachapana kwa mabua ya migomba. Mwenye kinyongo na mwenziwe hukitoa pale. Kibanda cha makuti kikishachomwa na moshi ukapanda, basi, watu hupeana mikono na lililopita halisemwi tena.

Nilidhani nimemfundisha mwanangu subira. Sasa sikilizeni nilichomfundisha.

*

Tulifikia Makunduchi kwa shemeji yangu Msabah, kaka yake Mwatima, mtu wa Kaskazini mwenye mdomo usiopumzika. Alfajiri ya siku ya Mwaka tulikwenda kukoga pwani kama ada, na njiani kurudi Mwatima akanivuta kanzu.

"Baba Usi, mwaka huu usiingie uwanjani."

"Nisiingie kwa nini? Mimi mgonjwa?"

"Kaa na wazee utazame."

"Wazee! Mimi nna miaka arubaini na mbili, Mwatima."

"Nshasema. Usije ukasema hukuambiwa."

"Umesikia nini?"

Alijitanda kanga yake akapita mbele. Ningekuwa na akili ningemkimbilia nikamuuliza tena, lakini mimi nilishaanza kukasirika. Nilisema moyoni, mke wangu ananiona nimezeeka. Nikaenda kuchagua bua kubwa kuliko yote yaliyokatwa.

Uwanja ulijaa. Wanawake wamevaa nguo mpya wanaimba, watoto wamepanda juu ya mawe. Sisi wa Kusini tukajipanga upande wetu. Nikamtafuta Usi asimame ubavuni pangu, kama kila mwaka.

Nikamwona ng'ambo ya pili, kwa watu wa Kaskazini, katikati ya wajomba zake.

"Mtoto wa Kusini, umepotea njia!" mtu mmoja akampigia kelele.

"Hajapotea," Msabah akajibu. "Leo wa kwetu. Alipotoka ndiko alikorudi!"

Watu wakaangua kicheko. Nami nilicheka, maana utani wa mashemeji ukiununia unazidi. Nikainua bua langu nikaita, "Njoo basi, mwana wa wajomba, nikuonyeshe njia ya kwenu!"

Akaja.

Hakukimbia kama vijana wenziwe, waliokuwa wakirukaruka na kupiga makelele. Alikuja kwa miguu, amenikazia macho, akapita katikati ya watu waliokuwa wakichapana kama hawapo. Akasimama mbele yangu.

"Hii ya ndoo ya chokaa, Hurumzi," akasema, na bua likanishukia begani.

Nikaijua ndoo hiyo. Niliipiga teke mimi mwenyewe nikamwaga chokaa juu ya busati la tajiri. Tajiri alipouliza nani, nikamwonyesha Usi, na nikamchapa mbele yake ili aamini.

"Hii ya sikukuu, mbele ya wenzangu."

Siku ya Idi, Mnazi Mmoja. Amevaa kanzu mpya, kacheka kwa sauti kubwa, nikamzaba kofi kofia ikaruka.

"Hii ya siku nna homa ukanambia mvivu wa kwenda chuo cha Kurani."

Mwanzo watu walishangilia. Kutaja kosa kisha ukapiga si jambo geni uwanjani, na kumwona kijana anamtajia baba yake kulikuwa na raha yake. Wanawake wakazidisha nyimbo. Mimi nilipiga huku na huku, lakini bua langu kubwa lilikuwa zito na nilikuwa nakosa. Yeye hakukosa.

Ya nne. Ya tano. Kufika ya sita nyimbo zilishapungua, na waliokuwa karibu yetu wameacha kupigana wanatutazama. Bua la Usi lilishapasuka, likabaki nyuzinyuzi zinazodondoka maji. Haliumizi tena. Kilichoniumiza ni kwamba kila alilolitaja lilikuwa kweli.

"Na hii," akasema, akainua mkono mara ya saba.

Hakumaliza. Alitazama upande wa wanawake, aliposimama mama yake. Akaushusha mkono, akalitupa bua chini.

Wakati huo huo wakakichoma kibanda, moshi ukapanda, na uwanja mzima ukapiga yowe la furaha. Usi akaja akaushika mkono wangu akaubusu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Nimeitoa yote. Nisamehe nilipokuumiza."

Uso wake ulikuwa mkunjufu, uso ambao sikuuona tangu angali mdogo wa kubebwa mgongoni. Alikwenda zake anacheka na watoto wa wajomba zake, anasukumana nao kama kijana yeyote wa miaka kumi na sita.

Mwanangu alifanya yote niliyomwambia. Aliweka, akasubiri siku yake, na moshi ulipopanda akaacha. Mimi niliyekuwa mwalimu wake ndiye niliyeondoka pale na mkono wa kulia umetoa amani, na moyo umefunga ngumi.

*

Chakula kililiwa ukumbini kwa Msabah. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, wageni wamejaa mpaka mlangoni. Mimi nakula kwa shida, bega linaniwaka.

"Shemegi," akaanza Msabah, "Jumamosi utaweza kupanda ngazi ya chokaa, au tukutafutie mtu wa kukupandisha?"

Watu wakacheka. Nikatabasamu kwa meno.

"Mwacheni," akasema mwingine. "Bua alilochukua lilikuwa kubwa kuliko yeye."

Na Usi, kwa ile furaha yake, kwa kudhani mambo yamekwisha na yeye sasa ni mtu mzima miongoni mwa watu wazima, akatia neno lake.

"Baba mkono wake mwepesi kwenye mgomba. Kwenye bakora ndio mzito!"

Nyumba nzima ilicheka. Nikageuka nikamwona Mwatima mlango wa uani ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanamtikisika.

Wallahi sikumbuki kusimama. Bakora ya mtobwe ya Msabah ilikuwa imeegemezwa ukutani, nikajikuta ninayo mkononi. Nilimpiga Usi juu ya jicho. Damu ikadondoka kwenye sahani ya wali.

Nikainua tena. Safari hii haikushuka, kwa sababu Usi aliidaka.

Alikuwa amesimama, na pale ndipo nilipojua kuwa mwanangu amenipita kimo. Nilivuta bakora, haikuja. Kidole kimoja tu cha hasira yake kingenitosha mimi mzima. Alikuwa anahema kwa pua, damu inamwingia jichoni na hapepesi.

Kisha akaachia. Kidole kimoja, cha pili, cha tatu.

"Moshi ushapanda, baba," akasema.

Akapita katikati ya wageni akatoka nje.

*

Baada ya sala ya alasiri alikuja Mzee Hija, mmoja wa wakubwa wa sherehe ile. Hakukaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Borafya, umepiga baada ya moshi."

"Nimempiga mwanangu."

"Nshasikia ni mwanao. Asubuhi alipokupiga alikuwa si mwanao?"

"Asubuhi tulikuwa uwanjani. Hapa nyumbani."

"Aa, sawa. Kwa hivyo nyumbani ndiko hakuna amani."

Mzee Hija akasema yaliyomleta. Kijana amekataa kurudi mjini pamoja nami. Msabah amekubali kumweka. Nikimtaka mwanangu, kesho asubuhi nije nimwombe radhi mbele ya watu wale wale niliompigia mbele yao.

"Baba amwombe radhi mwanawe?" Nilipandisha sauti. "Radhi hutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, mzee wangu. Wapi umeona maji yakapanda mlima?"

"Sijaona. Wala sijaona mtu kumwaga damu siku ya Mwaka. Maneno ni mawili tu, Borafya. Huyataki, gari la mjini linaondoka saa mbili asubuhi."

Nikaingia chumbani nikaanza kufunga mzigo. Mwatima alikuwa amekaa kitandani, hafungi chochote.

"Inuka."

"Nnabaki na mwanangu."

"Na wewe pia?"

"Leo kabla hatujakwenda pwani nilimsikia nyuma ya nyumba akiyapanga makosa yako, moja moja, kwa majina; sikungoja amalize. Ndiyo nikakwambia usiingie."

"Ungenieleza!"

"Ungempiga." Alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi. "Na mimi sina wa kumlaumu. Wewe ulipompiga, mimi nilimpa. Akataka kiatu, nikampa. Akavunja mtungi, nikasema paka. Hapana mmoja wetu aliyekaa na mtoto yule akasema naye, akamwambia hapana kisha akabaki naye."

"Mimi nimempa adabu."

"Wewe umempa hasira zako, Baba Usi. Adabu utampaje, na wewe huna?"

Kwa siku nyingine ningejua la kufanya na maneno kama hayo. Siku ile niliutazama mkono wangu, nikaona vile vidole vya Usi vinavyoachia bakora. Kijana wa miaka kumi na sita, damu machoni, ameweza. Mimi katika maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kuinua fimbo nikaishusha bila ya kumpata mtu. Niliweka mzigo chini nikalia, na sioni haya kuwaambia.

*

Asubuhi watu walikaa uani kwa Msabah, wengine mlangoni, wengine juu ya makumbi ya nazi. Mzee Hija alipewa kiti. Usi alisimama karibu na jiko, kitambaa kimefungwa juu ya jicho. Mwatima nyuma yake.

Nimepanda ngazi za nyumba za ghorofa tatu bila woga, lakini hatua zile kumi za uani zilinitoa jasho.

"Usi."

"Naam, baba."

"Nimekuja..." Nikaanza tena. "Nisamehe, mwanangu."

Nilisikia watu wakishusha pumzi. Mzee Hija akasema, "Alhamdulillahi." Msabah alishageuka kuagiza kahawa.

"Kwa lipi, baba?" Usi akauliza.

Hakuuliza kwa jeuri. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Kwa la jana."

"La jana nilikusamehe pale pale. Ndiyo nikaachia."

"Na yale sita uliyonitajia uwanjani."

"Yale yamekwenda na moshi."

"Basi limebaki lipi, mwanangu?"

Akamtazama mama yake, akatazama chini.

"La saba. Sikulitaja, kwa sababu mama alikuwepo. Nimekesha nikisema nisiliseme kabisa. Lakini nisipolisema ntaliweka, na mimi sitaki kuweka tena."

Nilijua analolisema kabla hajalisema.

"Twende pembeni," nikasema haraka. "Tuzungumze mimi na wewe, kiume."

"Pembeni kwa nini?" Mwatima akauliza. "Radhi si mbele ya watu?"

Wasomaji wangu, wiki sita nawamwagia siri zangu, mkaniona mkweli, mmoja wenu akaniandikia barua kunisifu. Kuna moja niliwaficha. Mjini, mtaa wa Kwahani, nilikuwa na mke wa pili, jina lake Mwanapili, nimemwoa kwa siri miaka mitano, na nimezaa naye mtoto wa kiume, Masoud, wa miaka minne. Mwatima hakujua. Msabah hakujua. Nilidhani duniani hakuna ajuaye ila sheikh aliyetuozesha na mashahidi wawili.

"Maulidi yaliyopita nilipita Kwahani," Usi akaanza.

"Usi, nakuomba."

"Nilikuona barazani. Umevaa kanzu yako mpya, umempakata mtoto. Mtoto akakumwagia chai, yote, kifuani mpaka miguuni. Mimi nikajibanza nyuma ya ua. Nilimwonea huruma yule mtoto, baba. Nilikuwa nnangojea umpige. Nilishafumba macho."

Akaniinulia macho.

"Ukacheka," akasema. "Ukamfuta mikono kwa kanzu ile ile. Ukamuuliza kama ameungua. Ukambusu."

Sauti ikaanza kumkatika, naye akaishikilia mpaka ikatulia.

"Mimi miaka yote nilikuwa nikisema, baba yangu hawezi kujizuia, ndivyo Mungu alivyomuumba, na mimi ndivyo nilivyotoka kwake. Nikivunja mtungi najisemea, hii damu. Kumbe unaweza. Unaweza vizuri kabisa. Basi niambie, baba, mimi nilikukosea nini?"

Nilikitazama kile kitambaa juu ya jicho lake.

"Mtoto gani huyo, Borafya?"

Alikuwa Mwatima. Miaka kumi na minane ya ndoa hajawahi kuniita kwa jina langu.

Msabah, yule mtu wa mzaha, aliinuka kitini bila mzaha usoni, na watoto wake wawili wakubwa wakainuka naye. Nilirudi nyuma nikagusa ukuta. Nilijua napigwa, na nilijua hakuna atakayenitetea.

Usi aliingia katikati. Alisimama mbele yangu, mgongo wake umenigusa kifua, akanyoosha mikono yote miwili.

"Mjomba, kaa. Hapigwi mtu hapa."

Akanigeukia. Machozi yalikuwa yanamtoka kwenye jicho lile moja lisilofungwa, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mjibu mama, baba."